Akiba Ambayo Mwizi Haifikii

Wazee wetu walisema kwamba akiba haiozi. Walisema kweli kwa mahindi yaliyokaushwa vema na kwa shilingi zilizofungwa katika pindo la kanga. Lakini siku hizi iko akiba ya namna nyingine, nayo huoza, tena yaweza kuoza kwa usiku mmoja. Ni nakala za hesabu za biashara zinazowekwa katika kompyuta.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyogeuka. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye baba yake aliwaandika wadaiwa katika daftari la kurasa mia mbili, yeye huandika yote katika kompyuta moja iliyo juu ya kaunta. Katibu wa chama cha akiba na mikopo hufanya hivyo hivyo, na mganga wa zahanati vilevile. Duka likiungua, saruji na mabati huweza kununuliwa tena. Lakini orodha ya nani anadaiwa nini haiuzwi dukani kwa mtu yeyote. Katika chama cha wanachama mia nne, daftari likipotea, kila mmoja atakuja na kumbukumbu zake mwenyewe, na sijaona bado mtu ambaye kumbukumbu zake humpunguzia akiba yake.

Wezi wa siku hizi wamelijua jambo hili. Hawabebi kitu. Huingia katika kompyuta yako kwa njia ya mtandao, wakayageuza maandishi yako yote kuwa fumbo lisilosomeka, kisha wakaacha barua: lipa kiasi fulani, nasi tutakupa ufunguo wa fumbo. Ni kama mtu aliyeingia nyumbani kwako usiku, akabadili makufuli ya milango yote, asubuhi akaja kukuuzia ufunguo wa nyumba yako mwenyewe. Programu wanazotumia huitwa virusi vya kudai fidia.

Uovu huu si wa jana. Mwezi wa Desemba mwaka 1989 diski ndogo zapata 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi nyingi. Zilidai kuwa na mafundisho juu ya ugonjwa wa Ukimwi. Aliyeshitakiwa kwa kuzituma ni Mmarekani mmoja msomi, Joseph Popp, ambaye aliwahi kufanya kazi hapa kwetu Afrika Mashariki, katika nchi ya Kenya. Aliyeitia diski ile katika kompyuta yake hakuona neno baya. Programu ilijificha ikihesabu kimya kimya: kompyuta ikiisha kuwashwa mara 90 hivi, majina ya faili yalivurugwa, na maandishi yakatokea kwenye kioo yakidai dola 189 zipelekwe kwa sanduku la posta huko Panama. Fumbo lile lilikuwa jepesi, na wataalamu walilifumbua upesi. Mafumbo ya leo hayafumbuliki hivyo. Yametengenezwa kwa hesabu zile zile ambazo mabenki hutumia kulinda fedha, na asiye na ufunguo hana la kufanya.

Sasa watu wengi wakiyasikia haya hujibu kwa utulivu: "Mimi sina hofu, nina nakala ya akiba." Vema. Lakini je, mwizi hajui kwamba unayo?

Anajua sana, na hapo ndipo ulipo moyo wa habari hii. Mtu mwenye akiba salama halipi fidia. Atasafisha kompyuta yake, arudishe nakala yake, aendelee na kazi. Kwa hiyo mwizi mwenye akili hafungi faili zako siku ile ile aliyoingia. Huingia kwa barua pepe ya uongo iliyofunguliwa na karani mwenye haraka, au kwa neno la siri lililoibwa, kisha hukaa kimya. Aweza kukaa siku, aweza kukaa majuma. Katika muda huo hutembea ndani kama mgeni wa heshima, akitazama nakala zinawekwa wapi, kwa saa gani, na kwa neno la siri la nani. Akiisha kuipata akiba huifuta au kuiharibu kwanza. Baada ya hapo ndipo hufunga vilivyosalia na kuacha barua yake.

Huko nyuma palikuwa na kampuni moja iliyoitwa Code Spaces, iliyowatunzia watengenezaji wa programu kazi zao. Ilijitangaza kuwa ina nakala za kutosha. Mwezi wa Juni mwaka 2014 mtu alipata njia ya kuingia katika ukurasa wa kutawala kompyuta zote ilizozikodi. Alidai fedha. Wenye kampuni walipojaribu kubadili maneno ya siri, alikuwa amekwisha kujifungulia milango mingine, naye akaanza kufuta. Kwa muda wa saa 12 karibu kila kitu kilikuwa kimefutwa, kazi za wateja pamoja na nakala zake, hata zile zilizosemwa kuwa ziko mbali. Zilikuwa mbali kwa maili, lakini ufunguo wake ulikuwa mmoja. Kampuni ilifungwa.

Ingekuwa imetosha kuwa funzo kwa dunia nzima. Haikutosha. Tarehe 18 Agosti mwaka 2023, kabla ya mapambazuko, kampuni ya CloudNordic ya nchi ya Denmark ilipatwa na mambo hayo hayo kwa njia nyingine. Kazi yake ilikuwa kutunza tovuti, barua pepe na kumbukumbu za biashara za watu wengine. Siku zile ilikuwa ikihamisha kompyuta zake kubwa, yaani seva, kutoka jengo moja kwenda jingine. Baadhi ya seva zilikuwa tayari na ugonjwa ndani yake pasipo mtu kujua, lakini zilikuwa kila moja katika mtandao wake. Katika kuhama zikaunganishwa na mtandao wa ndani, ule unaotumika kuzitawala seva zote. Kupitia hapo wezi walifika kwenye usukani wa kampuni nzima na kwenye hifadhi ya nakala. Walifunga seva, wakafunga akiba ya kwanza, wakafunga na akiba ya pili. Kampuni ilisema wazi kwamba haiwezi wala haitaki kulipa, na kwamba wengi wa wateja wake wamepoteza kila kitu walichokiweka kwake.

Angalia neno hilo: akiba ya kwanza na akiba ya pili. Hawakuwa wazembe wasiojua kuweka akiba. Waliweka mara mbili, lakini ghala zote mbili zilikuwa na mlango wa kupitia sebuleni.

Basi mwenye biashara na ajiulize swali moja tu: mwizi akiketi leo katika kiti changu, akiwa na maneno yangu yote ya siri, aweza kuigusa akiba yangu? Kama jibu ni ndiyo, hiyo si akiba. Ni nakala ya pili ya kuibiwa.

Kwa swali hilo mambo mengi tunayoyategemea huanguka. Flashi iliyochomekwa nyuma ya kompyuta tangu Januari hadi Desemba huanguka, maana kirusi huiona kama kionavyo diski ya ndani. Kabrasha la pili ndani ya kompyuta ile ile, lililopewa jina "AKIBA USIFUTE", huanguka pia. Jina hilo humrahisishia mwizi kazi. Hata ile hifadhi ya mtandaoni ambayo watu huiita wingu, inayojinakili yenyewe kila unapoandika, isitazamwe kuwa ni akiba kamili. Kazi yake ni kufanya pande mbili zifanane. Ukiandika vema, inanakili vema. Faili likiharibiwa, inanakili uharibifu kwa bidii ile ile. Baadhi ya huduma hizo hutunza matoleo ya zamani kwa muda, aghalabu siku 30, na hilo ni jambo jema. Lakini mwenye neno lako la siri mara nyingi aweza kuyafuta nayo.

Hata wakubwa wa dunia hawakulifikiria swali hili. Kampuni ya Maersk, ambayo meli zake tunaziona Mombasa na Dar es Salaam, ilikumbwa tarehe 27 Juni mwaka 2017 na kirusi kilichoitwa NotPetya. Kirusi hiki kilianzia Ukraine, kikipenya kwa njia ya programu ya hesabu za kodi iliyotumiwa na makampuni mengi huko, kikatapakaa duniani kwa saa chache. Kilidai fidia, lakini madai yale yalikuwa uongo mtupu: aliyelipa hakurudishiwa chochote.

Kampuni hiyo ilikuwa na seva zapata 150 zenye kazi ya bawabu, yaani zilizoshika daftari la majina ya watumishi wote na ruhusa ya kila mmoja. Pasipo bawabu hakuna anayeingia kazini. Zilipangwa zinakiliane, kila moja ikiwa akiba ya mwenzake, na wataalamu walijisikia salama, kwa maana ni nani awezaye kudhani kwamba zote 150 zitakufa kwa saa moja? Zilikufa. Zilikuwa zimeunganishwa zote, na kirusi kilipita njia ile ile zilizotumia kunakiliana.

Walipotafuta dunia nzima walipata moja iliyopona. Ilikuwa Ghana, katika ofisi ya huko. Umeme ulikuwa umekatika kabla kirusi hakijafika, na seva ile ilikuwa imezimika. Sisi tunaolalamika kila siku juu ya umeme kukatika tungeweza kucheka kidogo hapa. Mtandao wa Ghana haukuweza kupeleka mzigo ule kwa upesi uliotakiwa, na watumishi wa huko hawakuwa na viza ya kuingia Uingereza. Basi mtu mmoja akabeba diski kwa ndege hadi Nijeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaruka nayo hadi London. Kwa diski ile moja kampuni ilianza kufufuka. Iliwalazimu kutengeneza upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 kwa muda wa siku 10, na hasara waliyoitaja ilikuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300.

Ujue basi kilichoiokoa. Haikuwa mashini ya bei kubwa. Ni nakala moja ambayo, kwa bahati tu, haikuwa imeunganishwa na kitu chochote saa ile. Jambo lililotokea Ghana kwa bahati, mwenye duka aweza kulifanya kwa makusudi kila Ijumaa.

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, aliandika kanuni ambayo sasa inajulikana kila mahali: weka nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati ya hizo ikae mbali na jengo lako. Aliyawaza hasa ajali, moto, na diski kufa. Kwa ajili ya wezi wa leo yafaa kuongeza neno moja: nakala moja iwe haishikiki, ama kwa kuwa imechomolewa, ama kwa kuwa imefungwa isibadilike.

Kwa chama kidogo kazi yenyewe ni hii. Nunua diski za nje tatu, uzipake rangi: nyekundu, kijani na buluu. Ijumaa hii unachomeka nyekundu, unanakili, unaichomoa, inakwenda kukaa katika sefu. Ijumaa ijayo ni zamu ya kijani, inayofuata buluu, kisha unarudi kwenye nyekundu. Zisikutane zote tatu mezani hata siku moja, sembuse kuchomekwa pamoja. Moja na ikae nyumba nyingine kabisa, kwa mtu ambaye si mtumiaji wa kompyuta ile. Mweka hazina aishiye ng'ambo ya mji anafaa. Mwisho wa mwezi nakili hesabu kwenye sahani ya DVD ya kuandikwa mara moja tu. Sahani moja hubeba kiasi cha gigabaiti 4.7, na hesabu za chama huingia humo bila taabu. Ikiisha kuandikwa haiandikiki tena. Mwizi aliye upande wa pili wa dunia hana la kuifanya, hata akiwa na maneno yote ya siri. Ziandike tarehe, uzitunze mbali na jua.

Kwa nini za kila mwezi? Kwa sababu mwizi hungoja. Kama aliingia tarehe 3, akaanza kuharibu tarehe 28, nakala za majuma matatu ya mwisho huenda zina ugonjwa ndani yake. Mwenye nakala moja mpya tu hana pa kurudi nyuma.

Wenye biashara kubwa zaidi, wasioweza kushinda wakibeba diski, wana kanda za kunakilia ambazo hutolewa katika mashini na kuwekwa rafuni, na ziko za namna ya kutofutika. Tena makampuni yanayokodisha hifadhi mtandaoni huuza kufuli la siku: ukiamuru faili lisiguswe kwa siku 30, halifutiki hadi siku hizo zitimie. Lakini uliza vizuri, maana makufuli haya ni ya namna mbili. Iko namna ambayo msimamizi mkuu aweza kulifungua, na mwizi aliyejifanya msimamizi ataweza vilevile. Iko na namna ambayo hata mwenye mali hawezi. Hiyo ya pili ndiyo ya kuchukua, ila anza na siku chache, kwa sababu ukikosea ukaandika miaka kumi, utalipa kodi ya miaka kumi. Na akaunti ya hifadhi hiyo iwe na neno la siri la peke yake, na uthibitisho wa pili kwa simu, tena lisitunzwe ndani ya kompyuta ile ile inayonakiliwa.

Nimesema sana juu ya mwizi wa mbali. Yuko na wa karibu. Karani mwenye deni aweza kubadili tarakimu moja tu katika hesabu ya mwanachama asiyekuja mara kwa mara, na akiba itanakili uongo huo kwa uaminifu. Dawa ya hapo ni karatasi. Kila mwisho wa mwezi chapa ukurasa mmoja: idadi ya wanachama, jumla ya akiba, jumla ya mikopo. Wawili watie sahihi na tarehe, ukurasa uwekwe katika faili la mwenyekiti. Nakala ya mwezi wa Machi ikifunguliwa mwezi wa Agosti, jumla zake ziwe sawa na zile za karatasi ya Machi. Zikitofautiana, kuna mkono ulioingia. Sahani isiyobadilika na karatasi yenye sahihi mbili humlinda hata karani mwaminifu, siku ambayo watu watamnyoshea kidole.

Halafu kuna kujaribu. Hapa wengi huanguka, pamoja na wasomi. Tarehe 31 Januari mwaka 2017 mtumishi mmoja wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya kumbukumbu za seva isiyokuwa ile aliyoidhania. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka akiba. Walipozigeukia waliona hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyopasa. Iliyowaokoa ni nakala aliyokuwa ameichukua mtumishi kwa mkono wake saa sita kabla, kwa kazi nyingine. Mabadiliko ya saa zile sita yalipotea. Kwa hiyo mara moja kila miezi mitatu chukua diski yako, uipeleke kwenye kompyuta nyingine kabisa, uirudishe, ufungue hesabu ya mwanachama mmoja uliyemchagua bila mpango, uilinganishe na kitabu chake cha mkononi. Kazi hii haitimizi saa mbili.

Watu huuliza: je, si rahisi kulipa tu? Mwezi wa Mei mwaka 2021 kampuni ya Colonial Pipeline, isafirishayo mafuta kwa mabomba huko Marekani, ililipa fidia ya dola zapata milioni 4.4. Ikapewa ufunguo kweli. Lakini ufunguo ule ulifanya kazi polepole mno hata wakaendelea kutumia nakala zao wenyewe za akiba. Kwa upande mwingine, kampuni ya Norsk Hydro ya Norway, yenye wafanyakazi 35,000, ilishambuliwa mwezi wa Machi mwaka 2019, ikakataa kulipa. Watumishi walirudia karatasi na kalamu, hata baadhi ya wazee waliokwisha kustaafu wakaja kusaidia, kwa kuwa wao walikumbuka kazi ilivyofanywa kabla ya kompyuta. Hasara ilikuwa kubwa. Lakini nakala za akiba zilikuwapo, na kumbukumbu zao zilirudi.

Niseme na mahali ambapo akiba haisaidii. Wezi wengi siku hizi, kabla ya kufunga faili, huzichukua, kisha hutisha kuzitangaza. Diski iliyo ndani ya sefu hairudishi siri iliyotoka nje. Kwa hiyo usitunze habari za watu usizozihitaji, na diski za akiba zenyewe zifungwe kwa neno la siri, ili aliyeiokota moja katika basi asisome madeni ya mtaa mzima. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022. Mwenye daftari huwajibika.

Na ikitokea asubuhi moja umekuta barua ya mwizi kwenye kioo, chomoa kwanza waya wa mtandao na uzime Wi-Fi. Usifute kitu. Piga picha ya barua ile kwa simu, utoe taarifa polisi. Kisha, na hapa ndipo wengi huiua akiba yao kwa mkono wao wenyewe, usikimbilie kuchomeka diski ya akiba kwenye kompyuta iliyo mgonjwa ili uone kama imepona. Itaugua nayo papo hapo. Mwite fundi asafishe kompyuta kabisa na kuiwekea programu upya tangu mwanzo, au utumie nyingine iliyo safi. Badili maneno yote ya siri kutoka kwenye kompyuta hiyo safi. Ndipo uende kwa mweka hazina aishiye ng'ambo ya mji, umwombe ile diski ya buluu, uinakili kwanza, na kufanya kazi kwa hiyo nakala. Urudishe akiba za wanachama kwanza, kisha mikopo, ukilinganisha jumla na karatasi ya mwisho yenye sahihi mbili. Mengine, kama barua na picha, yaweza kungoja hadi juma lijalo.